Maelezo ya Zana kwa Wakala wa Kompyuta: Uhakiki wa Utanzu Mchanga wa Nathari

UTANGULIZI

Kwa muda mrefu uhakiki wa nathari ya Kiswahili umejishughulisha na riwaya, hadithi fupi, insha na, kwa kiasi kidogo, tawasifu. Maandishi ya maelekezo, yaani yale yanayomweleza mtu namna ya kutumia dawa, mashine au fomu, yameachiwa mafundi na wafasiri. Sababu itolewayo aghalabu ni kwamba maandishi hayo hayana usanii: hutumika, kisha husahauliwa. Makala haya yanachunguza tawi moja la maandishi hayo ambalo limetokea katika miaka michache iliyopita na ambalo halistahili kupuuzwa kwa sababu hiyo. Nalo ni maelezo ya zana za kompyuta yanayoandikwa ili yasomwe na wakala wa akili bandia, au akili unde, au akili mnemba kama wasemavyo wengine.

Wakala, kwa maana iliyokusudiwa hapa, ni programu inayoongozwa na modeli kubwa ya lugha. Hupewa kazi kwa maneno ya kawaida, akaamua ni zana ipi itumike, akaiita, akasoma jibu lake, kisha akaamua hatua inayofuata. Zana yenyewe yaweza kuwa ya kusaka kitabu katika katalogi, ya kutuma barua, au ya kuondoa faili. Kwa kawaida wakala haoni undani wa zana hiyo. Anachoonyeshwa ni matini fupi: jina la zana, aya moja ya maelezo, na orodha ya mambo anayopaswa kuyaingiza. Matini hiyo ndiyo msingi wa uamuzi wake. Ikisema vizuri, kazi hufanyika. Ikisema vibaya, kosa hutendeka kwa kasi ya mashine, na huenda binadamu asitambue mpaka hasara iwe imekwisha kupatikana.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba ubora wa maelezo ya namna hii haupimwi kwa ufasaha wa sentensi zake tu, bali kwa jinsi yanavyoutendea ukimya. Msomaji binadamu huujaza ukimya wa matini kwa mazoea yake, au huuliza jirani. Wakala huujaza kwa kukisia. Kwa hiyo mwandishi wa utanzu huu hana budi kutamka mengi ambayo nathari nyingine huruhusiwa kuyaacha.

CHIMBUKO LA UTANZU

Utanzu huu haukuzuka bila wazazi. Mzazi wake mashuhuri ni kitabu cha mwongozo cha Unix, ambacho toleo lake la kwanza lilitolewa tarehe 3 Novemba 1971 na Ken Thompson pamoja na Dennis Ritchie katika Bell Laboratories, Marekani. Katika kitabu hicho kila amri ilipewa ukurasa wake, na kurasa zilifuata mpango mmoja wa vichwa: jina, muhtasari wa namna ya kuiandika amri, maelezo, faili zinazohusika, maandishi mengine ya kuangaliwa, ujumbe wa makosa, kasoro, na mwenyewe.

Vichwa viwili katika orodha hiyo vinastahili macho ya mhakiki. Cha kwanza ni kile cha kasoro. Ni nadra kwa bidhaa yoyote kutangaza aibu zake katika kijitabu chake. Lakini waandishi hawa waliona kwamba msomaji atakayejua udhaifu wa amri ataitumia kwa salama kuliko yule aliyesomewa sifa zake tu. Cha pili ni kile cha mwenyewe, kilichomtaja anayehusika na amri hiyo. Kichwa hicho chaonyesha kwamba matini haikudai kujitosheleza. Nyuma yake palikuwa na mtu aliyeweza kuulizwa, na kwa sababu hiyo ukurasa uliweza kuwa mfupi mno bila ya kumpoteza msomaji.

Mwaka 1984 Donald Knuth alichapisha makala yake juu ya uandishi wa programu kama kazi ya fasihi. Rai yake ilikuwa kwamba mtunzi wa programu aache kudhani kwamba anaiamuru mashine, na badala yake ajione kuwa anawaeleza binadamu wenzake kile anachotaka mashine ifanye. Rai hiyo ilisifiwa na wengi, ikafuatwa na wachache. Leo mambo yamegeuka kwa namna ambayo haikutazamiwa wakati ule: ni mashine sasa inayosoma lugha ya binadamu ili ijue namna ya kutumia programu. Mnamo Juni 2023 kampuni ya OpenAI iliwawezesha watunzi wa programu kuzieleza kazi zao kwa modeli, nayo modeli ikaweza kuomba kazi fulani kwa jina lake. Mnamo Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa utaratibu uitwao Model Context Protocol, ambao uliweka kanuni moja ya namna zana zinavyojitambulisha kwa wakala. Tangu hapo aya ya maelezo ya zana imekuwa matini yenye umbo linalotambulikana, yaani utanzu.

FANI NA MAUDHUI: MIFANO MITATU

Mfano mzuri wa kuchunguzwa ni kifurushi cha zana za faili kilichotolewa kama kielelezo pamoja na utaratibu huo uliotajwa. Zana tatu ndani yake, kwa maelezo yalivyokuwa katika matoleo ya mapema, zinahusu hali moja: wakala anataka kuweka kitu mahali ambapo tayari pana kitu chenye jina lilo hilo. Je, kutatokea nini?

Maelezo ya zana ya kuandika faili yanasema kwamba faili ya zamani itafunikwa yote na mpya, bila onyo. Maelezo ya zana ya kuhamisha faili yanasema kwamba, mahali pa kufikia pakiwa na kitu, tendo litashindwa. Maelezo ya zana ya kuunda folda yanasema kwamba, folda ikiwa ipo, tendo litafaulu kimya kimya. Swali moja limepata majibu matatu yasiyofanana hata kidogo: uharibifu, ukataaji na upole. Hakuna msomaji, awe binadamu au mashine, ambaye angeyabuni majibu hayo kwa kuyatazama majina ya zana peke yake. Hapa ndipo ubora wa matini hizi unapoonekana. Zimetambua mahali ambapo msomaji angekisia, nazo zikamkinga na kukisia.

Hata hivyo, matini hizo hizo zina udhaifu wake. Maelezo ya zana ya kuandika faili yanamwambia wakala aitumie kwa uangalifu. Neno hilo lina maana kwa mtu aliyewahi kupoteza kazi ya siku nzima. Kumbukumbu ya uchungu humfundisha uangalifu ni nini. Kwa wakala neno hilo halimtajii tendo lolote. Je, asome kwanza yaliyomo katika faili? Je, atengeneze nakala? Je, amwulize mwenye faili? Sentensi iliyomtaka asome faili kabla ya kuifunika, na asiendelee bila ya ruhusa endapo si yeye aliyeiunda, ingekuwa ndefu zaidi lakini ingekuwa agizo. Ile iliyopo ni nasaha. Vilevile yanasemwa humo kwamba maandishi hushughulikiwa kwa usimbaji ufaao. Usimbaji gani, na ufaao kwa kipimo cha nani? Kivumishi kimechukua nafasi ya nomino, na taarifa imepotea.

Kosa hili la kivumishi ni la jumla. Maelezo mengi ya zana yameathiriwa na lugha ya matangazo: zana ni ya kisasa, ni yenye nguvu, ni rahisi. Sifa hizo hazimsaidii wakala kuchagua kati ya zana mbili, maana kila zana hujisifu hivyo. Kinachomsaidia ni mpaka: kazi gani zana hii haiifanyi, na ni zana ipi nyingine inayoifanya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Zana nayo ikisifiwa pasipo kuelezwa, anayeleweshwa ni mnunuzi wala si mtumiaji.

UKIMYA NA JIBU

Maelezo hayaishii kwenye aya ya mwanzo. Jibu linalotolewa na zana baada ya kutumika nalo ni sehemu ya matini, kwa kuwa wakala hulisoma na kuliamulia. Mapokeo ya Unix yalipendelea ukimya: amri iliyofaulu haikusema kitu. Kwa mtu aliyezoea, kimya kilikuwa na maana ya salama.

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walichapisha kazi yao iitwayo SWE-agent, wakishikilia kwamba wakala anahitaji uso wa kompyuta uliotengenezwa kwa ajili yake. Katika mfumo wao, amri isiyokuwa na la kusema ilijibu waziwazi kwamba imetekelezwa nayo haikutoa maandishi. Faili ilionyeshwa mistari 100 kwa wakati mmoja badala ya yote. Utafutaji uliozaa matokeo mengi kupita kiasi haukuyamwaga yote. Ulimtaka wakala aufinye. Badiliko lililovunja sarufi ya programu lilikataliwa papo hapo, na sababu ikatajwa. Watafiti hao walionyesha kwamba, pasipo kuibadilisha modeli yenyewe, uso bora wa kufanyia kazi uliongeza idadi ya kazi zilizokamilishwa.

Kwa mwanafunzi wa isimu jambo hili si geni. Katika mazungumzo ya watu, kunyamaza ni ishara inayofasiriwa kwa muktadha: kwaweza kuwa ridhaa, hasira au heshima. Wakala hana muktadha wa sauti wala wa uso. Ujumbe wa kosa unaosema tu kwamba tendo limeshindikana humwachia arudie tendo lilo hilo mara kumi. Ujumbe unaosema kwamba tarehe haikusomeka kwa sababu mwezi umeandikwa kwa neno badala ya tarakimu humwelekeza kwenye marekebisho.

SUALA LA KISWAHILI

Hadi sasa sehemu kubwa ya maelezo ya zana imeandikwa kwa Kiingereza. Lakini modeli kubwa za lugha husoma Kiswahili pia, na hakuna kinachozuia maktaba, chama cha ushirika au idara ya chuo kikuu Afrika Mashariki kuzieleza zana zake kwa lugha yake. Siku hiyo itakapofika, Kiswahili kitaleta matatizo yake chenyewe, ambayo hayatatatuliwa kwa kufasiri maelezo ya Kiingereza neno kwa neno.

Vitenzi viwili vyatosha kulionyesha jambo hili. Katika simu na kompyuta zinazotumia Kiswahili, neno la kusaka ni *tafuta*, na neno la kuondoa ni *futa*. Tofauti yake ni silabi moja, *ta*, na silabi hiyo ndiyo pia kiambishi cha wakati ujao. Ichukuliwe sentensi hii ya kubuni: *Wakala atafuta kumbukumbu zilizorudiwa.* Ikichanganuliwa kwa wakati wa *-a-*, unaopendwa na nathari rasmi na vichwa vya habari, maana yake ni kwamba wakala anazisaka kumbukumbu hizo. Ikichanganuliwa kwa wakati wa *-ta-*, maana yake ni kwamba ataziondoa. Mkazo hauisaidii, kwani unaangukia silabi ile ile. Ngeli nayo haiisaidii. Kwa hakika ndiyo inayolileta tatizo, kwa kuwa wakala hupewa upatanisho wa viumbe. Kama kiima kingekuwa *zana*, *yatafuta* na *itafuta* zingetengana.

Mtu atasema kwamba dawa ni kutumia *hu-* ya mazoea, ambayo ndiyo desturi ya fasili. Lakini maelezo ya zana aghalabu huanza na kitenzi bila ya kutaja kiima. Matini inayoanza na *Hutafuta kumbukumbu zilizorudiwa* yaweza kusomwa kuwa ni taarifa ya mazoea, na pia yaweza kusomwa kuwa ni katazo kwa nafsi ya pili: wewe hutazifuta. Katika kauli ya kutendwa hatari huwa kubwa zaidi. *Kumbukumbu zitafutwe* ni agizo la kuzisaka. *Kumbukumbu zitafutwa* ni habari ya kuondolewa kwake. Irabu moja ya mwisho imebeba uhai wa hazina nzima.

Ni kweli kwamba muktadha huondoa utata mwingi wa namna hii, na kwamba modeli hutumia muktadha. Lakini katika utanzu huu maelezo ndiyo muktadha. Hakuna ukurasa uliotangulia wala msimulizi wa kurejelewa. Aidha, modeli hizi huyakata maneno vipande kufuatana na wingi wa kutokea kwake katika maandishi zilizofunzwa nayo, si kufuatana na mofimu. Mpaka kati ya kiambishi na mzizi, ambao mwanasarufi huuona waziwazi, huenda usiwe mahali kisu kilipopita. Hivyo basi mwandishi mwangalifu atatumia *-na-* kwa tendo la kawaida, atataja kiima daima, na kwa tendo la uharibifu atachagua mzizi ulio mbali kwa sauti, kama vile *ondoa*, badala ya *futa*.

Sarufi peke yake, hata hivyo, haitoshi. Ichukuliwe idara yenye hazina ya kanda za fasihi simulizi zilizohamishiwa kwenye kompyuta, nayo imempa wakala kazi ya kuipanga. Maelezo yafuatayo ni ya kubuni, yakiwa kielelezo cha yale ambayo aya moja yaweza kufanya:

*Zana hii inaonyesha kumbukumbu zenye kichwa kimoja na tarehe moja. Haiondoi wala haibadilishi chochote. Kumbukumbu mbili zenye kichwa kimoja si lazima ziwe nakala: ngano moja yaweza kuwa imetambwa na watambaji wawili siku moja, na kila utambaji ni kazi inayojitegemea. Kama hazikupatikana zinazolingana, jibu litakuwa "Hakuna iliyopatikana", na hilo si kosa. Kumbukumbu huondolewa kwa zana nyingine, baada ya mhifadhi kukubali kwa maandishi.*

Sentensi ya tatu ndiyo yenye uzito. Fundi wa kompyuta, hata awe hodari kiasi gani, asingeiandika, kwa sababu machoni pake vitu viwili vyenye jina moja na tarehe moja ni kimoja. Anayejua kwamba masimulizi mawili ya ngano moja ni kazi mbili ni mtaalamu wa fasihi simulizi. Asipoiandika yeye, wakala atafanya usafi wa uaminifu kabisa, na hazina itabaki na ngano moja moja, zimekauka, bila ya tofauti ambazo ndizo zilizowafanya watafiti wazirekodi hapo kwanza.

WINGI WA MANENO NA MAMLAKA YA MATINI

Kutokana na hayo isidhaniwe kwamba maelezo marefu ndiyo bora. Wakala ana kiasi cha maandishi anachoweza kukishika kwa wakati mmoja, na mara nyingi maelezo ya zana zote hupakiwa kabla ya kazi kuanza. Zana 50 zenye ukurasa mmoja kila moja ni kitabu kinachosomwa kabla ya swali la kwanza kujibiwa. Kuweka kila jambo linaloweza kusemwa ni uvivu wa aina nyingine, kwani mwandishi amekwepa kazi ya kuchagua. Kipimo kifaacho ni hiki: sentensi ibaki ikiwa kuondolewa kwake kungebadilisha tendo la msomaji.

Lipo pia suala la mamlaka. Kwa kuwa wakala huyachukua maelezo kuwa mwongozo, mwenye kuandika maelezo ana uwezo juu yake. Mwaka 2025 watafiti wa usalama walionyesha kwamba maagizo ya hila yaliyofichwa ndani ya maelezo ya zana yaweza kumfanya wakala atoe siri za mtumiaji bila ya zana hiyo hata kuitwa. Marekebisho ya Model Context Protocol ya Machi 2025 yaliongeza alama za kuonyesha kama zana inasoma tu au yaweza kuharibu. Zana isiyojieleza hudhaniwa kuwa yaweza kuharibu. Marekebisho hayo yalionya pia kwamba alama hizo zisiaminiwe zikitoka kwa asiyeaminika. Kanuni hiyo ya kudhania hatari palipo kimya ni ya busara, nayo yafaa kuigwa na waandishi. Lakini yathibitisha pia kwamba uhakiki wa utanzu huu hauwezi kukomea kwenye karatasi. Maelezo yaliyoandikwa vizuri juu ya zana inayotenda kinyume chake ni uongo uliopambwa, na njia ya kuutambua ni kuijaribu zana yenyewe.

HITIMISHO

Wako wanaoshikilia kwamba juhudi hii ni ya muda tu, kwa kuwa modeli zitakuwa na akili zaidi na kuelewa hata maelezo mabovu. Rai hiyo inachanganya akili na habari. Akili humwezesha msomaji kufasiri kilichoandikwa, haimpi kisichoandikwa. Profesa mgeni katika hazina ya kanda, pamoja na elimu yake yote, hawezi kujua kama kanda mbili ni nakala mpaka aambiwe au azisikilize. Tofauti yake na wakala ni kwamba yeye ataona haya kuzitupa kabla ya kuuliza.

Kwa hiyo kazi hii haiwezi kuachiwa mafundi peke yao. Inahitaji mtu anayejua mofimu inaishia wapi, anayetofautisha nasaha na agizo, na anayefahamu kwamba katika taaluma yake vitu vinavyofanana havifanani. Watu hao wamo katika idara za lugha. Hatua ya kwanza iliyo ndani ya uwezo wa idara yoyote ni ndogo: kuorodhesha zana ambazo tayari zinagusa hazina zake, kusoma aya inayoieleza kila moja, na kuuliza juu ya kila aya yale maswali mawili ambayo waandishi wa mwongozo wa 1971 waliyapa vichwa vyake. Kasoro yake ni ipi? Na mwenyewe ni nani?